Kunoa na kutunza wembe wa kukunja kwenye mvua za Tukuyu

Ukiwa na wembe wa kukunja hapa Tukuyu, kutu itauwahi kabla ndevu hazijaumaliza makali. Mvua zetu mtu wa Rungwe haelezwi. Lakini vijana wanaoniletea nyembe za babu zao saluni huuliza jambo moja tu: "Bro, unaninolea?" Mara nyingi wembe wenyewe hautaki jiwe, unataka mkanda wa ngozi na kitambaa kikavu.

Kwanza ukague. Ufungue dirishani, makali yakiangalia juu, uutazame kwa mbele. Makali mazima hayaonekani. Ukiona mstari mweupe unang'aa, hapo pamelala. Ukiona kidoa kinametameta, pamemegeka. Kutu ya juujuu mgongoni haina neno. Kutu iliyochimba vishimo hadi kwenye makali ni kesi nyingine, kwa sababu kila ukinoa panamegeka palepale. Wembe wa hivyo, hata uwe na mhuri wa Solingen au Sheffield, miji ya Ulaya iliyovuma kwa nyembe, weka kabatini.

Na tafadhali, usiupeleke kwa fundi wa grainda. Chuma chembamba namna ile hupata moto upesi, na kikishageuka bluu kimelegea, hakishiki makali tena. Kinoo cha panga nacho kiachie panga.

Tafuta mawe ya maji, yaani vinoo vinavyotumika vikiwa vimeloweshwa; namba ikipanda, jiwe ni laini zaidi: namba 1000 kwa makali yaliyokufa kabisa, 4000 na 8000 ya kulainisha (mara nyingi huja yamegandishwa pamoja), na 12000 ya kumalizia kama mfuko unaruhusu. Mimi huagiza Dar, yanapanda basi. Usiamini kwamba jiwe jipya limenyooka. Lichore miraba kwa penseli, tandika msasa wa maji juu ya kioo, lowesha, sugua mpaka michoro yote ifutike. Pale penseli inapogoma kutoka ndipo penye bonde.

Kwenye kunoa, wembe huu unajipimia pembe wenyewe. Ukiulaza, mgongo na makali vyote vinagusa jiwe, na kazi yako ni kutoinua mgongo, basi. Sukuma makali yakitangulia. Anza na kisigino, ile sehemu ya karibu na mpini, huku ukiuvuta pembeni taratibu ili mwisho wa jiwe ncha nayo iwe imepita. Ugeuze kwa kuubingirisha juu ya mgongo, makali yakiwa hewani, urudi. Usikandamize. Tazama maji: yakipanda juu ya wembe kwa urefu wote, makali yanagusa kote; yakipita chini mahali fulani, hapo hapajafika. Kama macho hayakusaidii, paka makali wino wa maka peni, pitisha mara chache, uone wino umebaki wapi.

Kwenye 1000 usiondoke mpaka wembe ukate vinyweleo vya mkono kuanzia kisigino hadi ncha. Hapa ndipo wengi wanapokosa subira, wanarukia 8000. Jiwe laini halitengenezi makali, linang'arisha yaliyopo, na kama hayapo utang'arisha kutwa nzima. Ukishapata makali, hayo mawe mengine ni kazi ya muda mfupi.

Mkanda, wenye upande wa kitambaa na upande wa ngozi, ni kinyume cha jiwe: mgongo ndio unatangulia, makali yanafuata. Ukisahau ukaanza na makali, umekata mkanda. Mgeuzo ni uleule wa juu ya mgongo. Uvute mkanda ukaze, maana ukilegea unapinda na kuyaviringisha makali. Asubuhi za Juni na Julai ngozi huwa ngumu kwa baridi, basi isugue kwanza kwa kiganja mpaka uhisi joto. Mara ishirini upande wa kitambaa, hamsini upande wa ngozi, kila unapotaka kunyoa. Nenda polepole, mbwembwe za kwenye video hazinoi kitu.

Kunyoa kwenyewe sitakaa sana: maji ya moto, povu zito, ngozi ivutwe, wembe ulale kama nyuzi 30. Na wembe huu ni wa mtu mmoja. Saluni mimi natumia kishikio kinachowekwa nusu wembe, kila mteja na nusu yake mpya, kisha naitupa, kwa sababu homa ya ini na virusi vya UKIMWI hupita kwenye damu. Usimwazime hata mdogo wako.

Ukimaliza, suuza, futa, kisha pitisha karatasi laini katikati ya mpini karibu na msumari unaoushika wembe kwenye mpini, maana maji hujificha hapo na kutu huanzia hapo. Pitisha kwenye kitambaa cha mkanda mara chache. Uache wazi kwanza, usiukunje na unyevu. Halafu tone moja la mafuta ya cherehani, lisambaze kwa kidole kutoka mgongoni kuelekea makali, kamwe usiburuze kidole kufuata makali. Usiuweke bafuni. Usiuweke kwenye ala ya ngozi pia, inanyonya unyevu wa masika na kuushikilia hapohapo kwenye chuma.

Siku ukiona wembe unavuta ndevu badala ya kuzikata, rudi kwenye mkanda kwanza. Ukivuta tena baada ya mkanda, upe jiwe la 12000, au 8000 kama ndiyo uliyo nayo, mipito michache tu. Lile la 1000 liache kabatini mpaka makali yamegeke.