Saizi za dramu na matoazi kwa ukumbi mdogo

Anza na dramu ya mguu, maana ndiyo inayobeba seti nzima. Kwa kanisa au ukumbi wa watu 100 hivi, dramu zikipigwa bila maikrofoni, inchi 20 inatosha. 22 ni ya jukwaa kubwa na muziki mzito. Inchi 18 hubebeka kirahisi, ila besi yake ni nyepesi, na nyundo ya pedali hugonga juu ya katikati ya ngozi usipoiinua dramu.

Tomu (dramu za kati zenye sauti za juu hadi chini): inchi 10, 12 na 14. Ukichukua 12 na 13, sauti hukaribiana mno na kuzitofautisha kwa kukaza ngozi ni kazi. Sneya, dramu yenye nyaya chini zinazotoa mlio mkali, ni 14 kwa kina cha 5.5, basi.

Kwenye matoazi ndiko pesa hupotea. Haihati (matoazi mawili ya pedali) 14, raidi (toazi la kushika mdundo) 20, krashi (toazi la mshindo) moja ya 16. Toazi kubwa huvuma muda mrefu zaidi. Lililo nene hudai kipigo kizito, na ukumbi wa bati na saruji hauvumilii kelele hiyo. Chagua krashi nyembamba, lakini usikaze sana nati ya stendi: toazi lisiloweza kuyumba hupasuka.

Ukinunua ngozi mpya, pima kipenyo cha pipa lenyewe, yaani mwili wa dramu, si cha ringi inayobana ngozi.