Kabla mtoto hajasaini kazi ya kiangazi, tazama namba ya fomu

Nawaandikia wazazi wenzangu mlio Marekani, hasa mlioko huku Massachusetts, kwa sababu shule zinakaribia kufungwa na watoto wa miaka 14 na 15 wameshaanza kusema wanataka kazi. Wangu alinijia na hilo mwaka wa 2024. Nilifurahi sana. Nikampeleka kwa mtu wetu, mwenye kampuni ndogo ya kusafisha ofisi, mtu tunayeabudu naye na kuchanga naye kila kukiwa na harambee. Moyoni niliona nimempeleka kwa mjomba wake.

Siku ya kwanza alipewa karatasi moja: jina, anwani, namba ya Social Security (mfuko wa serikali wa pensheni), sahihi. Nilisimama kando yake nikamwambia, "Saini, mwanangu, tusimcheleweshe." Karatasi ile ilikuwa W-9. Wakati huo sikujua tofauti yake na W-4, na mkisahau mengine yote nitakayoandika hapa, hiyo tofauti msiisahau.

W-4 hujazwa na mwajiriwa. Kuanzia hapo mwajiri anakata ushuru wa Social Security na wa Medicare, yaani bima ya matibabu ya wazee, kwenye mshahara, naye analipa nusu yake kutoka mfukoni mwake. W-9 hujazwa na mtu anayejitegemea: fundi anayekuja na vifaa vyake, anayepanga saa zake, anayemletea mteja bili. Kijana wangu alikuwa akichukuliwa kwa gari la bosi, akisukuma mashine ya bosi, akiambiwa aanze saa ngapi na amalize saa ngapi. Hapo kujitegemea kuko wapi? Sheria ya Massachusetts inamhesabu anayefanya kazi kuwa mwajiriwa mpaka mwenye kazi athibitishe vinginevyo, lakini mimi sikuijua, na aliyejua hakuniambia.

Alifanya kazi wiki sita, siku tano kwa wiki, saa kumi jioni hadi saa nne usiku, kwa dola 12 kwa saa. Jumla dola 2,160. Kima cha chini hapa ni dola 15 tangu Januari 2023, kwa hiyo dola 540 zilipotea hapo hapo. Halafu mwishoni mwa Januari ikaja 1099, fomu inayoonyesha malipo ya mtu anayejitegemea. Rafiki zangu wakaniambia niiweke kabatini, ati mtoto hadaiwi ushuru. Wangesema kweli kama angekuwa mwajiriwa, maana pesa ndogo hivyo za mtoto anayekutegemea hazitozwi ushuru wa mapato. Lakini ukihesabiwa unajitegemea, faida ikifika dola 400 tu lazima uwasilishe ritani na ulipe asilimia 15.3 ya Social Security na Medicare, nusu yako na nusu ambayo ingekuwa ya mwajiri. Mama aliyetujazia ritani mwezi wa Machi alipiga hesabu akatuonyesha: dola 305. Mtoto wa miaka 14! Nilipompigia mwenye kampuni alinijibu kwa upole, "Dada, si mlisaini wenyewe?"

Kwa hiyo narudia. Tazama namba iliyo kwenye kona ya karatasi. Ikiwa ni W-9 na mtoto ataambiwa aje lini na afanye nini, usisaini, hata kama anayekupa ni mzee wa kanisa, hata kama mlisoma naye shule moja.

Sasa zile hatua za kawaida. Huku kila aliye chini ya miaka 18 anahitaji kibali cha kazi cha vijana. Mwajiri anajaza sehemu yake kwanza, mzazi anasaini, wa miaka 14 na 15 wanapata pia cheti cha daktari, kisha mnapeleka ofisi ya msimamizi wa shule za mji wenu. Ni rahisi kuliko barua ya chifu. Kwa fomu ya I-9, ile ya kuthibitisha kwamba mtu anaruhusiwa kufanya kazi Marekani, mtoto asiye na kitambulisho chenye picha anaweza kutumia ripoti ya shule pamoja na kadi ya Social Security. Familia zenye kipato kidogo ziulize kuhusu YouthWorks, programu ya jimbo ya kazi za vijana, inayoanzia miaka 14. Ulizeni mapema, msingoje shule zifungwe.

Kibali hiki nacho kingenishtua mapema kama ningekijua. Mwajiri asiyetaka kusikia habari za kibali anakwambia jambo kubwa kuhusu nafsi yake. Wa miaka 14 na 15 wanaruhusiwa kufanya kazi mpaka saa tatu usiku kuanzia Julai 1 hadi Labor Day (Jumatatu ya kwanza ya Septemba), siku nyingine mwisho ni saa moja jioni, na likizoni wasizidi saa nane kwa siku wala saa 40 kwa wiki. Wangu alikuwa anatoka saa nne usiku, nami nilikuwa namsubiri na chakula, najivunia bidii yake.

Ndugu zetu wa nyumbani, msikasirike nikiwasema kidogo. Nilipomweleza mjomba wa mtoto alicheka akasema yeye alichunga ng'ombe akiwa na miaka saba na hakuna aliyemuuliza fomu. Ni kweli, mjomba, na tunakuheshimu. Lakini ng'ombe wale walikuwa wa baba yako, na hukuletewa barua ya ushuru Januari. Na wale wanaotuma ujumbe kwamba kijana sasa anafanya kazi kwa hiyo achangie karo ya binamu: mwacheni kwanza, jamani, ni mtoto.

Wapo pia wanaozuia watoto kwa hofu ya kupoteza SNAP, ule msaada wa chakula, au nyumba ya serikali. Mshahara wa mwanafunzi aliye chini ya miaka 18 hauhesabiwi kwenye hesabu hizo. Lakini mliokuja kwa viza ya masomo, mtoto mwenye F-2, yaani viza ya anayemfuata mwanafunzi, haruhusiwi kuajiriwa kabisa, na kosa hilo linaweza kumfuata siku atakapoomba makazi ya kudumu. Huyo msimpeleke popote.

Jambo moja nimelipenda kwa Wamarekani. Mtoto wa mwenye pesa nao humtuma akauze aiskrimu, na huenda mwenyewe kuongea na meneja, mzazi amebaki garini. Sisi tunamsemea mtoto kila kitu. Ninachowalaumu ni kwamba wao huijua W-4 tangu utotoni, wameisikia mezani wakila, kisha wanadhani kila mtu anaijua. Hakuna shuleni aliyetueleza.

Kama umeshanaswa, yapo ya kufanya. Tuliwasilisha fomu ya SS-8 kuomba IRS, mamlaka ya kodi ya Marekani, iamue kama alikuwa mwajiriwa, na pamoja na ritani tukaweka Fomu 8919, ya mwajiriwa ambaye mwajiri hakumkata ushuru huo. Hapo mtoto alilipa nusu yake tu, dola 165 badala ya 305. Kuhusu mshahara uliopunjwa na saa za usiku, malalamiko yanapelekwa kitengo cha Fair Labor katika ofisi ya Mwanasheria Mkuu wa jimbo, nao hawaulizi una makaratasi gani ya uhamiaji. Nilipolalamika, kuna watu kanisani waliacha kunisalimu. Iliniuma, na bado inaniuma. Weka kila ujumbe wa simu, kila risiti ya malipo, na uandike saa za mtoto kwenye daftari kila jioni. Dai la mshahara lina miaka 3, kwa hiyo aliyepunjwa kiangazi cha juzi bado hajachelewa.