Mambo ya Kuzingatia Kabla ya Kushirikisha Faili kwa GlusterFS Nyuma ya Kuta za Moto

Aliyezoea seva moja ya faili hudhani kwamba kompyuta ikishaifikia seva hiyo, kazi imekwisha. Katika GlusterFS, mfumo huria unaounganisha hifadhi za seva kadhaa ziwe hifadhi moja inayoitwa volyumu, sivyo. Seva inayotajwa wakati wa kuunganisha volyumu hutoa ramani ya volyumu tu. Baada ya hapo kila teja, yaani kompyuta inayotumia faili hizo, huwasiliana yenyewe na kila seva yenye sehemu ya volyumu, na pale volyumu inapokuwa na nakala, ni teja hiyohiyo inayoziandika nakala zote kwa pamoja. Kwa hiyo kinachotakiwa kuandaliwa kwanza ni orodha ya njia zote, kutoka kila teja hadi kila seva.

Ukuta wa moto, yaani kichujio cha mawasiliano ya mtandao, uliofunguliwa nusu ni wa hatari kuliko uliofungwa kabisa, kwa sababu uliofungwa hugunduliwa siku hiyohiyo. Tuchukue volyumu yenye nakala 2, ambamo teja za idara ya uhasibu zinaifikia seva ya kwanza tu na teja za mauzo zinaifikia ya pili tu, na pande zote mbili zinahariri faili moja. Kila nakala itabeba alama inayodai kuwa mwenzake ndiye aliyepitwa; mfumo hautakuwa na namna ya kuamua ipi ni sahihi, na faili itagoma kufunguka mpaka msimamizi achague mwenyewe cha kubaki na cha kutupwa. Ndiyo maana ni vyema kuanza na nakala 3, au nakala 2 pamoja na seva ya msuluhishi, ambayo huhifadhi majina na taarifa za faili bila yaliyomo, ili teja isiyoziona seva zilizo nyingi izuiwe kuandika.

Poti (milango ya mawasiliano yenye namba) za kuombewa ruhusa ni TCP 24007, ya usimamizi, ambayo teja nazo huihitaji, pamoja na poti za sehemu za hifadhi zilizo kwenye kila seva, ambazo kwa kawaida hutolewa kati ya 49152 na 60999. Kufungua ile moja uliyoiona ikitumika leo ni kujitafutia kazi, kwani inaweza kubadilika seva ikiwashwa upya. Msimamizi wa mtandao akisita kufungua masafa mapana hivyo, na ana haki ya kusita, punguza kikomo cha juu katika faili ya mipangilio ya glusterd.vol kwenye kila seva, kisha omba masafa hayo mafupi. Usisahau ukuta wa moto wa seva zenyewe.

Majina nayo yanastahili uangalifu, maana ramani inayopewa teja hutaja seva kwa majina au anwani zilizotumika volyumu ilipoundwa. Kama ziliandikwa anwani za ndani, teja iliyo upande wa pili wa kifaa kinachobadilisha anwani itapokea ramani isiyoweza kuifuata. Tumia majina, na uhakikishe kila upande unayatafsiri kwa anwani unayoweza kuifikia.

Muulize pia anayesimamia ukuta kama pakiti zisizoruhusiwa hukataliwa waziwazi au humezwa kimya. Zikimezwa katikati ya kazi, teja husubiri sekunde 42 kabla ya kuihesabu seva kuwa haipo, na kwa mtumiaji huo ni mgando mtupu.

Ukuta hautoshi kuwa ulinzi pekee. Volyumu mpya humkubali kila anayeweza kuifikia, hivyo weka mipaka kwa auth.allow, mpangilio unaotaja teja zinazoruhusiwa, washa TLS, yaani usimbaji wa mawasiliano, pale data inapopita mtandao usiouamini, na hakikisha namba za watumiaji zinalingana kwenye mashine zote, kwa sababu ruhusa za faili hufuata namba, si majina. Saa zote zioanishwe. Poti ya UDP 123, inayotumika kuoanisha saa, iruhusiwe.

Kwa ofisi zilizo katika miji tofauti, nisingependekeza nakala za papo kwa papo hata kidogo, kwani kila uandishi husubiri seva ya mbali. Unakili wa kijiografia, unaopeleka mabadiliko baadaye bila kuchelewesha uandishi, na unaopita kwenye SSH (njia ya mawasiliano iliyosimbwa), unafaa zaidi. Anayeanza upya azingatie pia kwamba Red Hat ilihitimisha huduma kwa bidhaa yake ya Gluster tarehe 31 Desemba 2024, ingawa programu huria yenyewe ingali inapatikana.

Kabla ya kuwaruhusu watumiaji, washa upya seva zote na kuta zake, kisha tumia amri ya gluster volume status pamoja na neno clients: kila teja ionekane chini ya kila sehemu ya hifadhi, na isiyoonekana hata mahali pamoja ichomolewe mpaka njia yake irekebishwe.