Likizo ndefu na mtoto wa elimu maalumu: chagua mambo matatu tu

Likizo ndefu ya kwanza niliharibu mwenyewe. Shule ilifungwa wiki 8, nami nikampangia mwanangu masomo ya saa 3 kila siku. Siku ya nne akaanza kuingia chini ya kitanda kila akiniona na daftari. Nikanyoosha mikono, nikamwacha acheze mpaka shule ikafunguliwa. Mtoto aliyekuwa akijifunga vifungo vya shati sasa alisimama tu akingoja kuvalishwa.

Ana miaka 10, ana usonji (hali ya ukuaji wa ubongo inayogusa mawasiliano na tabia), na huzungumza kwa maneno machache na kadi za picha. Tangu mwaka ule nafanya hivi.

Kabla shule haijafungwa, muulize mwalimu swali moja: baada ya likizo iliyopita, mtoto alisahau nini, na ilimchukua muda gani kukirudia? Kila mtoto husahau kidogo. Cha kuangalia ni kile kinachochelewa kurudi. Humo chagua mambo matatu. Mimi huchukua moja la mawasiliano, moja la kujihudumia na moja la darasani. Omba pia nakala za kadi zilezile, na uulize mwalimu hutumia maneno gani hasa. Akisema "nipe" shuleni nawe ukasema "niletee hicho" nyumbani, kwa mtoto wako hayo yanaweza kuwa mambo mawili tofauti.

Andika anapoanzia. Usiandike "anajitahidi". Andika "anafunga vifungo 2 kati ya 5 bila kusaidiwa".

Sasa vifungo, maana hapa ndipo nilipojifunza zaidi. Nilianzia mwisho. Nilifunga vinne, cha tano nikakipitisha nusu kwenye tundu, yeye akakivuta tu. Alipoweza siku 3 mfululizo bila msaada, nikamwachia akipitishe mwenyewe. Kisha cha nne. Ukianzia mwisho, kila mara mtoto ndiye anayemaliza kazi, na anaona shati limefungwa kwa mkono wake. Msaada nao upunguze kidogokidogo: kwanza shika mkono wake, kisha gusa kiwiko, kisha onyesha kwa kidole, kisha kaa kimya. Kukaa kimya ndiko kugumu. Mimi huhesabu moyoni mpaka 10 kabla ya kuingilia, na mara nyingi nikifika saba au nane huwa ameshaanza.

Waambie na wengine nyumbani. Dada yake alikuwa akimfungia vifungo kwa siri, kwa huruma. Sikumgombeza, nilimpa kazi ya kuhesabu na kuandika vilivyofungwa, naye akawa mkali kuliko mimi!

Dakika 10 asubuhi na 10 jioni zinatosha, saa zilezile kila siku. Hesabu tunafanya mezani: "lete vijiko 4". Kadi ya kuomba msaada nayo haihitaji kipindi. Namkabidhi chupa iliyokazwa kifuniko, nangoja anipe kadi.

Ratiba ibandike ukutani kwa picha, picha ya mwisho iwe kitu anachokipenda. Weka na kadi moja ya "leo kuna mabadiliko", uitumie pia siku za mabadiliko mazuri, asije akaiogopa. Akiwa mgonjwa au hakulala, acha. Siku moja haiharibu kitu.

Wiki mbili za mwisho rudisha saa za kulala na kuamka taratibu, toa mkoba, pita naye shuleni hata kama geti limefungwa.

Siku ya kufungua mpe mwalimu ukurasa mmoja: alipoanzia, alipofika, msaada gani anahitaji bado. Ukurasa wangu wa mwisho ulisema: "Vifungo 5 kati ya 5. Cha shingoni anakifunga, halafu anakifungua. Kinambana, mwache."