Jinsi ya kusoma reli iliyoachwa: tawi la Rongai hadi Solai

Anza na wazee kabla ya ramani. Baba yangu alikuwa kibarua wa njia ya reli hapa Nakuru, na ndiye aliyenifundisha kwamba garimoshi haliwezi mlima mkali wala kona ya ghafla. Kwa hiyo ukiona shambani ukanda wa ardhi ulioinuka kidogo, unaopinda polepole huku mahindi kando yake yakifuata mteremko, hilo ni tuta la reli. Lifuate, lakini piga hodi kwanza kwa mwenye boma.

Beba futi ya kupimia, chaki na brashi ya waya. Ukikuta vyuma viwili bado vimelala sambamba, pima kutoka ubavu wa ndani hadi wa ndani: milimita 1,000, kipimo kilekile cha njia iliyofika Kisumu mwaka 1901. Kisha piga magoti. Sugua kutu kwenye kiuno cha chuma, yaani ule ubavu mwembamba wa kati, pitisha chaki kwa ubapa, na herufi zitajitokeza: jina la kiwanda na mwaka. Nilipofanya hivyo mara ya kwanza mikono ilinitetemeka.

Usikimbilie kuandika huo ndio mwaka wa ujenzi. Ni mwaka wa kiwandani tu. Vyuma vilivyochoka njia kuu mara nyingi huhamishiwa matawini. Linganisha na tarehe iliyochongwa kwenye kalvati, kama ipo.

Piga picha, andika mahali. Usiondoke na hata msumari mmoja. Kila taruma, ule mhimili unaolazwa chini ya vyuma, linaloishia kwa wauza vyuma chakavu ni ukurasa uliochanwa.