SOMO: Umenunua Roadster (NA) na inakusumbua? Pima kwanza, spea baadaye

Wakuu, habari za jioni.

Wiki hii peke yake watu wanne wameniuliza swali lile lile: "Gari imelala siku mbili haiwaki, ninunue alternata?" Naandika mara moja. Atakayeuliza tena namwelekeza hapa.

Nazungumzia Mazda Roadster ya kwanza (NA ni jina la kizazi hicho), gari ndogo ya paa la kukunja, ile ya taa za kuinuka, iliyouzwa Japani kwa jina la Eunos na kwingine MX-5. Ilitoka 1989 na injini ya 1.6, baadaye ikaja 1.8, ikafungwa 1997. Uzito kama tani moja au pungufu kidogo. Ni gari rahisi sana kutengeneza, lakini ina zaidi ya miaka ishirini na mitano, imepita mikono ya watu msiowajua, na kila mmoja amekata waya mahali. Mimi si fundi wa kusomea. Nina 1.6 yangu miaka sita, nyingi ya shida zake nimezisababisha mwenyewe.

Vifaa: mita ya digitali, spana 10, 12 na 14, brashi ya waya, tochi.

1. Betri. Iko ndani ya buti, upande wa kulia. Msiitafute chini ya boneti. Safisha vichwa vyake, kaza.

2. Volti. Gari imezimwa, imelala usiku kucha: 12.6 imejaa, 12.2 ni nusu, chini ya 12 ina tatizo. Washa injini, pima tena. Ukipata kati ya 13.8 na 14.5, alternata yako ni nzima. Usiinunue.

3. Ethi, yaani waya wa hasi unaofungwa kwenye bodi. Stata inalia "tak" halafu kimya, na betri imejaa? Weka ncha moja ya mita kwenye hasi ya betri, nyingine kwenye chuma kitupu cha injini. Mwambie mtu apige stata huku unasoma. Ikizidi nusu volti, ethi ni mbovu. Yangu ilisoma 2.1. Waya wa hasi umefungwa kwenye bodi humo humo ndani ya buti, na mtu aliyepaka rangi gari kule Japani alipaka na sehemu ya boliti. Nilikwangua, nikafunga, nikapaka grisi juu. Stata niliyokuwa nimeshainunua bado ipo kwenye boksi lake. Angalia pia mkanda wa ethi unaotoka kwenye injini kwenda kwenye bodi.

4. Umeme unaovuja. Hapa msome polepole, kwa sababu hapa ndipo nilipoharibu.

Kama gari inawaka vizuri leo lakini baada ya siku tatu betri iko chali, kuna kitu kinakunywa umeme usiku. Toa waya wa hasi kwenye betri. Hamisha waya mwekundu wa mita uende kwenye tundu la 10A, chagua ampea, kisha mita ikae katikati: ncha moja kwenye hasi ya betri, nyingine kwenye waya uliotoa. Umeme wote wa gari sasa unapita ndani ya mita. Chini ya 0.05 A ni kawaida, hiyo ni saa na kumbukumbu ya redio. Mimi nilipata 0.43. Kwa siku moja hiyo ni zaidi ya Ah 10 (ampea mara saa), na betri ya gari hii ni ndogo.

Nilifurahi kupata jibu nikasahau kurudisha waya mwekundu kwenye tundu la volti. Nikageuza kitufe kwenye volti, nikaweka ncha mbili juu ya betri. Mita ikiwa kwenye tundu la 10A ni sawa na kipande cha waya: umepiga shoti betri kwa mkono wako. Ncha iliyeyuka, cheche ikaruka hadi kwenye zulia la buti, na mita ikafa. Ukitazama mita za bei rahisi, pembeni ya tundu lile pameandikwa UNFUSED. Maana yake hakuna fyuzi ya kukuokoa. Kwa hiyo:

- Ukimaliza kupima ampea, rudisha waya mwekundu KABLA ya kitu kingine chochote. Sema kwa sauti kama ni lazima.
- Mita ikiwa katikati, usipige stata kabisa. Stata inavuta zaidi ya ampea mia.
- Milango ifungwe. Taa ya buti itoe, la sivyo utaiwinda taa ambayo umeiwasha mwenyewe kwa kufungua buti.
- Kama kuna alamu, subiri dakika kadhaa itulie ndipo usome.

Kisha toa fyuzi moja moja huku unatazama mita. Ikishuka ghafla, umepata njia yake. Yangu haikushuka kwa fyuzi yoyote, na hilo lenyewe ni jibu: mtu ameunga kitu kabla ya fyuzi. Chini ya dashibodi nilikuta kiboksi cha alamu ya zamani. King'ora kilishang'olewa, lakini ubongo wake ulibaki unakunywa. Nilipokata ikabaki 0.02. Tafuta pia kisomeo cha ETC, kile cha kulipia barabara za Japani. Hapa hakina kazi yoyote, king'oe.

5. Gari imekufa kabisa, hata taa hakuna. Fyuzi kuu ya 80A, kwenye kasha chini ya boneti.

6. Inawaka, inazima. Kwenye 1.6 kagua mpira mkubwa wa hewa kati ya kipimo cha hewa na injini. Ukunje kwa mkono, nyufa hujificha kwenye mikunjo. Ndani ya kipimo hicho kuna kibao kinachosukumwa na hewa, na swichi yake ndiyo inayoamuru pampu ya mafuta. Hewa ikipita kwenye ufa, kibao hakisogei, pampu inalala.

7. Inamisi ukikanyaga. Waya za plagi kwanza. Koili baadaye.

8. Namba za hitilafu. Fundi akija na mashine ya kuchomeka, mpe soda, aondoke. Roadster ya Japani ya kizazi hiki haina tundu la mashine hiyo. Chini ya boneti kuna kikasha kimeandikwa DIAGNOSIS. Unganisha matundu yake mawili, TEN na GND, kwa kipande cha waya, weka swichi ON, hesabu taa ya injini inavyopepesa. Ndefu ni makumi, fupi ni mamoja. Ndefu moja na fupi tano ni 15, sensa ya oksijeni. Fupi nane ni kipimo cha hewa.

9. Mekanika. Tangi za juu za rejeta zikigeuka kahawia, badilisha kabla hazijapasuka kwenye foleni ya Mwenge. Taimingi belti kila kilomita 100,000. Kama huna uhakika ilibadilishwa lini, hesabu kwamba haijabadilishwa. Klachi ikizama hadi chini, angalia silinda ndogo ya klachi pembeni ya gia boksi, hiyo ni ugonjwa wa ukoo. Tiki-tiki ya injini asubuhi mara nyingi ni oili chafu au pungufu.

Na wenye 1.6 za mwanzo, hadi 1991 hivi: tazameni puli ya krenki. Yenye mianya minne ni krenki ya pua fupi, ambayo kifunguo chake, kile kichuma kinachoshikilia puli isizunguke peke yake, hulika. Minane ni pua ndefu, lala usingizi. Kwenye pua fupi, puli ikiyumba injini ikiwa inawaka, zima. Na boliti ile isiguswe na mtu asiye na spana ya toki, ile inayopima nguvu ya kukaza.

---

MASWALI

Kijana_wa_Tegeta: Mkuu gari yangu haiwaki shida itakuwa nini

Mwandishi: Hatua ya 2. Umepata volti ngapi?

Kijana_wa_Tegeta: Sina mita. Fundi anasema kontroli boksi imekufa, anataka laki nne

Mwandishi: Fundi naye amepima na nini? Nunua mita. Halafu rudi na namba.

MamaWawili: Kaka asante kwa somo. Yangu ni 1.8, betri imelala 12.5, ikiwa inawaka 14.2, mvujo 0.03. Kwa hiyo umeme uko sawa, nadhani. Ninachotaka kujua ni kwa nini waliiweka betri nyuma, na je, naweza kuweka betri ya kawaida ya dukani? Ya sasa inaisha nguvu.

Mwandishi: Dada yangu, laiti wote wangeuliza hivi. Waliiweka nyuma ili uzito ugawane karibu nusu kwa nusu mbele na nyuma. Ndiyo sababu gari inakata kona vile. Sasa shida: buti ni chumba kilichofungwa, na betri ya maji inatoa gesi wakati wa kuchajiwa, gesi ya kuwaka tena yenye tindikali. Ya asili ilikuwa ya kufungwa na ilikuwa na mipira miwili midogo ya kutoa gesi nje kupitia sakafu. Wengi hapa wanaweka betri ya kawaida, mipira inaning'inia hewani, na baada ya mwaka bati la chini ya betri limeoza. Chaguo lako ni mawili: AGM (betri ya kufungwa isiyo na maji ya kumwagika) yenye tundu la kuchomeka mipira hiyo, au betri ndogo ya kawaida yenye tundu hilo pembeni. Isiyo na tundu, hapana. Inua na zulia utazame bati kama limeanza kupata kutu. Ukikuta unga mweupe, osha na maji ya magadi soda, kausha, paka rangi.

MamaWawili: Nimeinua. Unga upo, kutu kidogo. Mipira yote miwili ipo, ila imefungwa na selotepu!

Mwandishi: Mipira kuwepo ni bahati. Wengi wameitupa.

Spana_Kumi: Naomba kutofautiana. Hatua ya 4, kutoa fyuzi huku unatazama mita kunaweza kukupoteza. Ukifungua mlango kufikia fyuzi za ndani, taa inawaka.

Mwandishi: Nimeandika milango ifungwe.

Spana_Kumi: Umeandika, lakini fyuzi za ndani unazifikiaje milango ikiwa imefungwa? Shusha paa kwanza, uingie kwa juu. Au zungushia swichi ya mlango kamba uikandamize.

Mwandishi: Kweli. Mimi nilishusha paa bila kufikiria, sikuona haja ya kuandika. Asante.

Mzee_wa_IST: Muda wote huu na hela zote hizi si ungenunua Toyota IST ukapumzika?

Mwandishi: Nina IST pia. Ndiyo inayonipeleka kununua spea.

Pwani_Moja: Mimi niko Tanga. Oili inavuja nyuma ya injini, inateremka kwenye gia boksi. Fundi anataka kushusha gia boksi abadilishe sili ya nyuma ya krenki. Nimruhusu?

Mwandishi: Msimamishe kwanza. Nyuma ya kichwa cha injini, karibu na ukuta wa kabini, kuna sensa ya kamshafti. Ina mpira wa duara, oringi, ambao ukikauka unavuja na oili inateremka mahali pale pale pa sili ya krenki. Imewadanganya wengi. Safisha kote, endesha siku mbili, mulika na tochi kutoka juu. Kama kumelowa pale juu, ni oringi, kazi ya nusu saa. Kabla hujalegeza sensa piga alama kwa kalamu ya rangi kwenye sensa na kichwa cha injini, kwa sababu ikizunguka umebadilisha taimingi. Ukimaliza hakikisha kwa taa ya taimingi: TEN na GND zikiwa zimeunganishwa, alama isome digrii 10 kabla ya pistoni kufika juu.

Pwani_Moja: Kumelowa juu. Fundi amenuna.

Spana_Kumi: Ya ziada kwa watakaobadilisha pedi za nyuma: msisukume pistoni kwa jiki wala klempu. Nyuma ya kalipa kuna boliti ya 14 ambayo ni kifuniko tu, ndani kuna skrubu ya spana ya alen (ya pembe sita) ya mm 4. Zungusha kinyume na saa pistoni irudi. Ukishafunga, izungushe kwa saa hadi pedi ziguse diski, kisha irudishe theluthi ya mzunguko. Nimeona kalipa mbili zimeuawa kwa klempu.

Nairobi_Kasi: Wadau, mimi niko Kenya. Naweza kuagiza moja Japani?

Mwandishi: Kwenu gari likizidi miaka minane haliingii, na hizi ziliisha kutengenezwa 1997. Tafuta iliyokwisha kuingia zamani.

Kijana_wa_Tegeta: Nimeazima mita. Imelala 12.4. Nikipiga stata, betri kwenda injini inasoma 1.8

Mwandishi: Sasa tunaongea. Hatua ya 3, fungua boliti ya ethi ndani ya buti, kwangua hadi uone chuma kinang'aa. Laki nne zikae mfukoni kwanza.

MamaWawili: Samahani kuuliza tena. Redio inakamata stesheni mbili tu, na mvua ikinyesha nasikia maji yanacheza nyuma ya viti.

Mwandishi: Redio si mbovu. Ni ya Japani, FM yao ilikuwa 76 hadi 90, stesheni zetu nyingi ziko juu ya hapo. Kuna kigeuzi kidogo kinachomekwa kwenye waya wa antena, ila sauti haitakuwa safi sana. Maji ndiyo ya haraka. Nyuma ya kila mlango, chini ya mkunjo wa paa, kuna tundu la kutolea maji ya mvua linaloshuka hadi mbele ya tairi la nyuma. Likiziba, maji yanaingia ndani na bodi inaozea huko usikokuona. Penyeza uzi mnene wa nailoni, ule wa mashine ya kufyekea nyasi, taratibu, usitumie chuma, mpira wa ndani utatoboka.

MamaWawili: Nimezibua upande wa kulia. Yametoka maji ndoo nzima, majani ya mwarobaini, na kifuniko cha kalamu chenye maandishi ya Kijapani. Wa kushoto kesho.