Wewe sekuriste, panga mapema nani atakuangalia wewe

Ndugu zangu masekuriste wa Goma, watu wa huduma ya kwanza, ninyi mnaovaa jile ya Msalaba Mwekundu, manesi, madereva wa ambilansi, na hata ninyi wamotari ambao mtu akianguka njiani njo mnambeba wa kwanza kabla hata ya ekipe kufika, haya naandika kwa ajili yenu na kwa ajili ya mashefu wenu.

Huku kwetu msiba hautoi taarifa. Volkano ya Nyiragongo ilipasuka jioni ya tarehe 22 Mei 2021 watu wako nyumbani wanapika. Boti ilizama karibu na bandari ya Kituku tarehe 3 Oktoba 2024 watu wanaiona kwa macho toka pembeni ya ziwa. Mwisho wa Januari 2025 vita ikaingia mpaka ndani ya mji, ospitali zikajaa majeruhi, Februari watu wa Msalaba Mwekundu wakazika miili kwa mamia. Vifaa tunajua kuandaa: glavu, machela, klorini, mifuko ya maiti, yote inahesabiwa na kuandikwa. Kichwa cha yule anayebeba machela hakuna anayekiandikia kitu. Na msaada wa kichwa ukianza kuutafuta siku ile yenyewe, umeme umekatika, benki zimefungwa, barabara haipitiki, hautaupata, kwa hiyo kazi yote iko sasa wakati tumetulia.

Anza na kujua mwili wako utafanya nini, usije ukaogopa ukafikiri umerogwa. Baada ya kazi ya namna ile usingizi unakimbia, mlango ukipigwa na upepo moyo unaruka, picha inakuja yenyewe ukiwa unaoga au unasali, harufu inarudi na hakuna kitu kinanuka, unagombeza watoto bila sababu. Mtu aliyebeba miili iliyoungua anaweza kupita fasi wanachoma brosheti (mishkaki) akatapika hapohapo. Siku za kwanza mpaka wiki za kwanza hiyo ni kawaida na kwa wengi inashuka polepole. Ikipita mwezi mzima bado iko palepale, ama inaongezeka, ama imekuzuia kazi na nyumba, hapo sasa uende kuona psikologe, juu mwezi mmoja ndio alama ambayo hata madaktari wanatumia kabla ya kuita hali hiyo ugonjwa. Nasisitiza hili kwa sababu naona watu wanaumwa kichwa na tumbo wiki nyingi, familia inasema ni karuho, yaani sumu ya siri, wanapelekwa kwa waganga wa kutapisha, pesa inaisha na mtu anazidi kukonda, wakati ni yale aliyoyaona ndiyo yanamla.

Halafu chagueni watu wawiliwawili. Usingoje shefu akupangie, chagua mwenyewe mtu unayemwamini, mkubaliane kabisa: mimi nikikuambia toka ukae chini unywe maji, utatoka bila kubishana, na wewe ukiniambia nitatoka. Mkubaliane pia alama ya kila mmoja, juu mtu anajijua: kuna anayenyamaza, kuna anayecheka sana, kuna anayekataa kula na kuendelea kubeba tu kama mashine. Mwenzako akiona alama yako anajua muda umefika.

Hapa kuna jambo moja ambalo ekipe nyingi hazipangi na ndilo linaumiza kuliko damu. Simu ya marehemu. Umeshika mwili, umeufunga, na mfukoni simu inalia, kwenye ekrani imeandikwa Mama. Inakata, inalia tena. Nani anajibu? Kama haikupangwa, kijana wa miaka 20 ndiye anajikuta ameipokea, na ile sauti ya yule mama anaisikia mpaka mwaka unaisha. Kwa hiyo mashefu, kabla hamjatoka, mtaje mtu mmoja au wawili ambao kazi yao ni simu, vitambulisho na kuongea na familia, watu wazima waliofundishwa namna ya kutoa habari mbaya, na wengine wote wajue kwamba simu ikilia wanamwita yule, hawaangalii ekrani, hawafungui picha. Hivyohivyo kwa sura za watoto: anayefunga afunge, anayeandika aandike, hakuna sababu watu sita wote wasimame waangalie. Na anayegusa maiti leo, kesho abadilishwe apelekwe kwenye maji au kwenye listi.

Nyumbani kwako nako panga. Tarehe 27 Mei 2021 serikali iliamuru kartiye (mitaa) 10 kati ya 18 za Goma zihame, watu wakatoka usiku na asubuhi kuelekea Sake, Rutshuru, Gisenyi, wengine kwa boti mpaka Bukavu, na masekuriste walikuwa humo na watoto wao pia. Huwezi kufunga jeraha la mtoto wa mwenzako vizuri na haujui wako amefika wapi. Kwa hiyo amueni sasa hivi wewe na mama watoto, ama baba watoto: mji ukihama wanaenda kwa nani, wanapita njia gani, nani ana karatasi za shule na vitambulisho, na namba za simu ziandikwe kwenye karatasi, moja iingie kwenye mfuko wa kila mtoto, hata yule wa kunyonya ashonewe kwenye nguo. Umwambie pia mwenzi wako ukweli kwamba ukirudi unaweza kuwa hautaki kuongea, hautaki kuguswa, na kwamba siyo yeye aliyekosa. Maneno haya yakisemwa mapema yanaokoa ndoa.

Kuhusu usiku wa kwanza baada ya kazi, niseme wazi juu kuna mazoea mabaya. Mashefu wengine wanakusanya ekipe usiku uleule, wanaweka watu duara na kulazimisha kila mmoja aeleze alichokiona. Mtindo unaofanana na huo Mmarekani Jeffrey Mitchell aliuandika mwaka 1983 kwa ajili ya wazimamoto na watu wa ambilansi, nia yake ilikuwa nzuri, lakini utafiti uliofuata haukuonyesha kwamba unazuia ugonjwa, na OMS, Shirika la Afya Duniani, inashauri usitumike hivyo. Anayetaka kusema aseme, asiyetaka aachwe. Andaeni badala yake vitu vya kweli: maji ya moto na sabuni, nguo ya kubadilisha, chai ya sukari, chakula ambacho hakina nyama (mnajua kwa nini), fasi ya kulala, na mtu mmoja ambaye hakuwa kwenye kazi anayezunguka polepole. Kitabu cha OMS cha mwaka 2011 cha huduma ya kwanza ya kisaikolojia kinafundisha mambo matatu, kuangalia, kusikiliza, kuunganisha, na hayo hauhitaji diploma kuyafanya, unahitaji kuyafanyia mazoezi kabla.

Dawa na pombe, fupi tu. Diazepamu inauzwa kwenye famasi za kartiye bila karatasi ya daktari na watu wanaimeza ili walale. OMS tangu 2013 inasema dawa za aina hiyo zisitolewe kwa mshtuko katika mwezi wa kwanza, hazitibu na zinazoeleka haraka. Kasiksi (pombe ya ndizi) na bia nazo zinakupa usingizi wa saa chache halafu picha zinarudi na nguvu. Kubalianeni kwenye ekipe kwamba pesa ya chakula cha siku ile hainunui pombe.

Ujue mlango wa kwenda. Goma kuna Tulizo Letu, Bukavu kuna SOSAME, zote mbili ni vituo vya magonjwa ya akili vya Ndugu wa Upendo, watawa wa Kikatoliki. Najua watu wanasema kule ni kwa vichaa, na kwa sababu ya neno hilo moja mtu anakaa na mateso yake miaka. Nenda sasa ukiwa mzima, ulize siku za konsultasyo, ulize bei, ulize kama wana mtu anayefanya tiba ya kuongea kwa ajili ya troma, yaani jeraha la akili, maana ipo na inasaidia watu. Kwenye sentre de sante nyingi kuna maajenti wa psikososio, watu wa kusikiliza na kusaidia wenye mateso ya moyo, jua jina la yule wa kartiye yako. Kabla ya kuweka sahihi kwa shirika lolote uulize kama bima yao inalipa matibabu ya akili na inalipa mpaka miezi mingapi baada ya mkataba kuisha, na jibu liandikwe. Ukienda kwa pasta au padri, chagua yule anayejua kufunga mdomo, siyo yule ambaye Jumapili utasikia habari zako kwenye mahubiri.

Mwenzako akisema bora ningekufa na wale, usimwambie omba tu. Muulize wazi kama anafikiria kujiua. Kuuliza hakumpandishii wazo. Akisema ndiyo, usimwache peke yake, ondoeni karibu yake dawa na chochote anachoweza kujidhuru nacho, na siku ileile mpelekeni.

Mwisho ni kazi ya shefu. Siku ekipe inarudi, aandike kwenye kaye (daftari) yake tarehe ya mwezi mmoja mbele na majina yote, pamoja na wale wavuvi au wamotari waliosaidia bila jile. Tarehe ile ikifika ampigie kila mmoja, aulize: unalala? unakula? nyumbani mnaelewana? Na asiyepokea simu mara mbili, aendewe kwake.